Kwadi ya Kukua Nayo

Jumatatu, 8 Septemba

Muuguzi wa hospitali amenipa kazi ya shule: niandike kila siku hali ya hewa, na kama mtoto ameumwa au hajaumwa. Anasema mvua hizi zikiisha tutajua ni baridi inayomwangusha au ni kitu kingine. Nilimwambia mimi ninauza vitenge, sijui kuandika kama daktari. Akasema, “Andika tu, Mama Sadrack, hata ukiandika mengi hatutakupiga.” Basi ninaandika. Asubuhi ukungu, mchana jua kidogo, jioni manyunyu. Hajaumwa.

Kwa atakayesoma: Sadrack ni mtoto wetu wa kwanza, ana miaka saba, na ana ugonjwa wa damu ambao hapa mtaani tunauita SS. Mimi na baba yake kila mmoja alikuwa amebeba nusu ya ugonjwa huo bila kujua, tukaja kumwunganishia. Baridi ikimshika, au kiu, au uchovu, damu inakwama ndani ya mifupa, naye analia kilio ambacho sitakieleza hapa. Bénite, mdogo wake mwenye miaka mitatu, hana. Na Mungu katuweka Butembo, juu ya vilima, ambako hata mbwa wanagombania majivu ya jikoni.

Ugonjwa wa mwaka jana ulimharibia nyonga. Anatembea akivuta mguu wa kushoto. Baba yake, Jéthro, anauza vipuri vya pikipiki karibu na soko, na kila asubuhi anampakia mbele yake kwenye pikipiki hadi shuleni. Wakati wa mapumziko wenzake wanakimbia, yeye anakaa ukutani na kuwahesabia mabao.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Hajaumwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua. Hajaumwa. Bibi harusi mmoja alipekua vitenge vyangu vyote, akasema atarudi. Hatarudi.

Jumapili, 14 Septemba

Jua. Hajaumwa. Leo nina habari.

Baada ya ibada, mjukuu wa mfanyabiashara mmoja tajiri aliletwa kwenye uwanja wa kanisa na pikipiki ndogo ya magurudumu manne. Wanaiita kwadi. Mtoto mwenyewe ni wa umri wa Sadrack, kavaa kofia ngumu kubwa kuliko kichwa, anazunguka uwanja huku kuku wa mchungaji wakirukia ukutani. Watoto wote walikimbia nyuma yake. Sadrack hakukimbia, lakini alisimama. Alisimama muda wote ule, mkono mmoja umeshika kitenge changu, na hakuilalamikia nyonga hata mara moja.

“Mama,” akasema, “ile haianguke. Iko na miguu ine.”

“Ndiyo, Baba.”

“Mimi niko na mbili, na moya ni mubaya. Nikipanda pale, nitakuwa na miguu sita.”

Jéthro alisikia. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mkono wake ni wa birika. Ni mtu wa kuokota msumari uliopinda na kuunyoosha kwa jiwe. Nilingoja aseme “tutaona”, neno ambalo huzikia nalo mambo yote. Badala yake akasema, “Lusenge wa mashine amepokea mbili kutoka Kasindi, ku mupaka. Ijumaa twende kuangalia.” Nilimtazama kama mtu aliyeanza kusema Kichina. Kwa furaha Sadrack hakula chakula cha mchana.

Ijumaa, 19 Septemba

Mawingu asubuhi, mvua jioni. Hajaumwa, ila mimi nimeumwa na hasira.

Lusenge anauza kila kinachonguruma: jenereta, mashine za kusagia muhogo, pikipiki ambazo bado zimevaa nailoni. Kwadi zake mbili zilikuwa mlangoni, nyekundu zote. Ndogo ni ya watoto hasa. Kiti kiko chini, mkono wa breki uko karibu na vidole, na kuna skrubu ya kukaza ili isimpite mtu anayetembea. Nyuma ina kamba ambayo mzazi anaishika; akiivuta, injini inazima. Kubwa nayo ina kamba na skrubu, lakini ni ya kijana aliyekwisha kuota ndevu mbili tatu. Sadrack alipandishwa kwenye ndogo: nyayo zikakaa mahali pake, magoti yakakunjwa vizuri, vidole vikaifikia breki. Akapandishwa kwenye kubwa: miguu ikaning’inia.

Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

“Tukamate hii kubwa,” Jéthro akasema. “Mutoto atakomea mo.”

Hapa lazima nieleze. Atakomea mo, yaani atakua humo humo, ni kama sala katika ukoo wa mume wangu. Hakuna mtoto wao anayenunuliwa kitu cha kipimo chake. Viatu vinajazwa karatasi vidoleni. Mikono ya shati la shule inakunjwa hadi kwenye kiwiko. Sadrack aliwekwa wakfu kanisani akiwa na miezi mitatu, ndani ya suti ambayo hata leo haijambana. Butembo nzima ina tabia hiyo kidogo, sisi ni watu wa haba na haba, lakini kwa Jéthro imezidi. Kwa mashati nilivumilia. Shati halina injini.

“Baba Sadrack, angalia miguu. Haifike.”

“Itafika.”

“Lini?”

“Hii kadogo, mwaka moya tu, kishatupwa. Hii ingine atakuwa nayo mpaka secondaire.”

“Mutoto anataka kupanda leo. Hapana ku secondaire!”

Lusenge, ambaye angeweza kumuuzia samaki mvuvi wa Kyavinyonge, akajipenyeza katikati. “Mama, hii kubwa iko na nguvu. Hata wewe utaenda nayo ku soko na mizigo yako.”

Nilimwambia aende nayo yeye na mama yake. Kisha nikamgeukia mume wangu na kumwuliza, mbele ya wateja, kama ananunua kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya mfuko wake. Si maneno ya mke kumwambia mume mbele za watu. Jéthro alimshusha Sadrack taratibu, tukaondoka mikono mitupu, na njiani mvua ikatukuta.

Jumamosi, 20 Septemba

Manyunyu. Hajaumwa. Mimi na Jéthro hatusemeshani, isipokuwa kuhusu chumvi.

Jumatatu, 22 Septemba

Mvua ya mawe. Vidole vya Sadrack vimevimba kidogo, nimemkanda kwa maji ya vuguvugu.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvua. Vidole vimepoa. Mama mkwe wangu, Koko Hulda, anakaa nasi tangu alipokimbia vita upande wa Mangina, akaacha kakao yake mtini. Haongei sana, na akiongea anaongea na sufuria. Leo nilimwomba amweleze mwanawe kwamba kwadi kubwa ni hatari. Akakoroga kwanza sombe, mboga ya majani ya muhogo. “Mutoto akomee mo,” akaiambia sufuria. Nikajua nimeolewa na ukoo mzima.

Jumanne, 7 Oktoba

Ninaandika hospitalini, kwenye kiti, Sadrack amelala.

Ijumaa mvua ilishuka saa ile ile ya kutoka shule. Jéthro alikuwa amebanwa na mteja, akachelewa. Sadrack alikuwa na agizo la kungoja chini ya baraza. Hakungoja. Aliwaona wenzake wakivua viatu na kukimbia kwenye matope huku wakipiga kelele, naye akavua vyake, vile vilivyojaa karatasi, akawafuata. Wenzake walifika kwao kabla hajatoka langoni. Alitembea peke yake njia nzima. Nilimkuta mlangoni, viatu mkononi, karatasi zimelowa zinatoka kama uji. Alikuwa anacheka. Akaniambia, “Mama, nimekuya na miguu.”

Nilimvua, nikamfunga blanketi mbili, nikampa chai. Kabla ya chakula cha jioni mifupa ikaanza.

Daktari alisema damu yake imeshuka sana na lazima atiwe nyingine, na ya kundi lake haikuwepo kwenye friji. Jéthro akatoka. Nilidhani amekwenda kwa wachungaji. Kumbe alikwenda kwenye kona wanakosimama waendesha pikipiki, wateja wake, akasimama kwenye mvua na kuwaambia mtoto wake anahitaji damu. Walikuja wengi hata mlinzi akadhani ni maandamano. Walijaa kwenye korido wakidondosha maji, mmoja anamwuliza muuguzi kama soda ipo: “Mama, damu utakamata, mais sucré iko?” Wawili walikuwa na damu inayofaa. Jéthro aliwanunulia soda wote, hata waliokataliwa. Nilimtazama mtu wangu wa mkono wa birika akigawa chupa, nikashindwa kumkasirikia.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumerudi nyumbani. Mvua. Maumivu kidogo ya mgongo.

Daktari anasema mtoto huyu anahitaji joto. Joto liko Beni, mwendo mfupi tu kuteremka, na Beni kuna hospitali, lakini ni nani anayehamishia mtoto Beni siku hizi, wakati watu wa Beni wenyewe wanatukimbilia sisi kwa sababu ya vita? Kuna Kyavinyonge, kando ya ziwa. Kule joto lipo hadi unavua shati, samaki wapo, lakini damu ya kumtia haipo. Tulizungumza mimi na Jéthro hadi chai ikapoa. Kila mahali pana kitu kimoja na pamekosa kingine. Tutabaki.

Jumatatu, 20 Oktoba

Jua! Hajaumwa.

Na saa kumi jioni gari la mizigo likasimama langoni, na juu yake kwadi. Ile kubwa. Sikuulizwa.

Jéthro alikuwa ameishughulikia dukani kwake. Alifunga vipande viwili vya mbao mahali pa kukanyagia ili miguu ifike, akafunga sponji nene nyuma ya kiti ili mtoto asogee mbele. Kwa maneno mengine aliijaza karatasi vidoleni. Sadrack alipandishwa juu, na kwa sababu injini ilikuwa marufuku hadi apate nguvu, yeye ndiye alikuwa injini. Alinguruma kwa mdomo mpaka mate yakamtoka, baba yake akimsukuma kuzunguka kisima, Bénite nyuma yao na sufuria kichwani kama kofia.

“Tata,” akamwuliza baba yake, “nikikomea itanitosha?”

“Itakutosha.”

“Hata miguu?”

“Hata miguu. Hizi mbao tutazitosha, tuzitupe.”

Nilifurahi kwa ajili ya mtoto. Nilikasirika na baba. Mambo haya mawili yalikaa pamoja kifuani mwangu hadi jioni bila kusalimiana.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Hajaumwa. Viazi vya Luofu havionekani tena sokoni tangu vita vifike huko. Tunakula muhogo.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Hajaumwa. Kwadi iko barazani, imefunikwa kitenge changu kizuri. Sikuulizwa pia.

Jumapili, 2 Novemba

Jua asubuhi. Leo aliumia, lakini si kwa ule ugonjwa wa damu.

Baada ya ibada Jéthro aliiwasha. Alikaza ile skrubu, akashika kamba ya nyuma, akamwambia Sadrack akanyage mbao na ashikilie. Walikwenda vizuri hadi kwenye migomba. Pale ua unateremka kidogo. Kwadi ikaongeza mwendo yenyewe, Sadrack akatafuta breki, na vidole vyake havikufika. Nilimwona akinyoosha mkono, anautazama, ananyoosha tena. Jéthro akavuta kamba, injini ikazima, lakini chuma kile ni kizito, kiliendelea kuteremka hadi kikaingia kwenye ua wa miti. Sadrack alitupwa juu ya majani ya migomba. Amechubuka kidevu na kiwiko, basi.

Nilipiga kelele hadi jirani akapanda juu ya matofali kutazama. Nilimwambia Jéthro kwamba amefunga ndoa na pesa, na kwamba siku moja atamzika mtoto kwa sababu ya kubana matumizi. Nimeandika neno hilo kwa sababu nililisema. Alipauka. Aliikokota kwadi hadi barazani, akaifunika, akaenda zake kutembea kwenye mvua iliyokuwa imeanza.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua siku nzima. Hajaumwa.

Koko Hulda alikuja kukaa karibu yangu nilipokuwa ninachambua maharagi. Hakuiangalia sufuria. Aliniangalia mimi.

“Mama Sadrack, unajua Jéthro ni mutoto wangu wa ngapi?”

Nilisema wa kwanza. Akatikisa kichwa. Mbele yake kulikuwa na wawili, Kahongya na Mbusa. Wote walilia mifupa. Enzi hizo hakuna aliyejua jina la ugonjwa, watu walisema ni jicho la jirani. Kahongya alipofikisha miaka mitano, Hulda aliuza kakao, akaenda kwa fundi, akamshonea mtoto suruali na shati vya kipimo chake kabisa, kwa ajili ya Noeli. Alipendeza, watu wakamsifu. Alizikwa navyo. Akaja Mbusa, naye akashonewa, naye akazikwa navyo.

“Nikajua,” akasema. “Mutoto mwenye unamushonea nguo ya kumutosha, umemaliza kukomea kwake. Jéthro alipozaliwa nikaapa. Hata kofia. Hata soksi. Alitembea kama mutu mwenye ameiba nguo ya baba yake, batoto banamucheka, na mimi nikasema, bacheke. Na ameishi.”

Akachukua maharagi mawili mabovu kwenye ungo wangu, akayatupa.

“Jéthro hapana mutu wa kubana franga, Mama. Anaogopa.”

Mimi ni Mprotestanti, nimesoma hadi kidato cha nne, najua nguo haiui mtu. Lakini nilikaa pale na ungo magotini, nikamwona mume wangu upya, tangu ile suti ya miezi mitatu hadi mbao za kwadi. Miaka yote nimemcheka kwa ubahili. Kumbe kila mara aliponunua kitu kikubwa alikuwa anamwomba mtoto asiondoke. Jioni aliporudi nilimwekea maji ya moto ya miguu. Nikasema sponji ya kiti imechanika, nitaishona.

Jumamosi, 8 Novemba

Jua kidogo. Hajaumwa. Nimeishona sponji kwa kipande cha kitenge chenye samaki. Nimeiongeza unene.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Hajaumwa. Jéthro anamsukuma Sadrack kila jioni, injini imezimwa. Leo nilimsukuma mimi. Anazidi kuwa mwepesi, au mimi ninazidi kuwa na nguvu. Nimemwongezea yai.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Leo nilijikuta nikimwambia Sadrack, “Kula, miguu ifike.” Koko Hulda alisikia, akanimiminia mchuzi zaidi.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua, upepo. Anakohoa.

Jumanne, 25 Novemba

Nimeacha kuandika siku kadhaa. Muuguzi atanisamehe.

Kikohozi kilishuka kifuani. Tulimfikisha hospitali akihema kama mtu aliyepanda mlima, midomo imekuwa ya kijivu. Wakamwekea oksijeni. Mashine ya oksijeni inakula umeme, na umeme wa mvua hauna adabu. Kila ulipokatika tulisikiliza jenereta ikikohoa huko nje, na hadi iwake nilikuwa nimemshika mkono na kuhema kwa ajili yake, nikidhani labda itasaidia. Sadrack aliniambia kwa ishara niache, ninamchekesha.

Katikati ya homa aliuliza kama mvua inaingia barazani. Jéthro akamwambia hapana, amefunika vizuri. “Tata, hapana kuuzisha,” akasema. Jéthro akaapa kwamba haiuzi. Waendesha pikipiki walikuja tena, damu ikapatikana tena. Siku ya nne alikunywa uji. Siku iliyofuata aliomba samaki.

Jana daktari alimwita Jéthro ofisini. Mimi nilikuwa ninamwogesha mtoto, sikwenda. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi nilimwuliza, akasema, “Docteur anasema kesho tunarudi nyumbani.” Nikamshukuru Mungu kwa sauti, wagonjwa wengine wakaitikia Amina. Jéthro alikuwa anakunja mashuka. Aliyakunja, akayakunjua, akayakunja tena.

Ijumaa, 28 Novemba

Nyumbani. Mvua kidogo. Hajaumwa, amechoka tu. Kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara moja.

Jumatatu, 1 Desemba

Mawingu. Hajaumwa. Jéthro hafungui duka hadi saa nne. Anakaa na mtoto wakitengeneza gari la mabua ya mtama. Nilimtania kwamba wateja watadhani amefilisika. Hakucheka, akasema waende kwingine.

Alhamisi, 4 Desemba

Jua tangu asubuhi. Hajaumwa.

Nitaiandika siku hii yote, ingawa si ya kumpelekea muuguzi.

Nilirudi kutoka soko mchana nikakuta baraza tupu na kitenge changu kimekunjwa kitini. Kwadi haipo. Nilidhani wezi. Koko Hulda alikuwa jikoni, amegeukia ukuta. Kisha nikasikia mngurumo langoni, mwembamba, wa kitoto, akaingia Lusenge akiongoza kwadi nyekundu. Ile ndogo. Jéthro alikuwa nyuma yake.

Tangu Septemba nimeipigania kwadi ile. Niliipigania dukani, nikaipigania mezani, nikaipigania hadi majirani wakanijua. Na sasa ilikuwa inaingia uani kwangu na moyo wangu ukaanguka. Hakuna aliyenieleza kitu. Niliangalia tu kiti kile kilivyokaa chini, nikamwangalia mume wangu, nikajua daktari alisema nini.

Lusenge, ambaye hunena hata usingizini, aliiegesha, akaniambia “Mama, pole,” akaondoka bila kuuza chochote.

Nilimvuta Jéthro nyuma ya jiko.

“Rudisha hii.”

“Mariette.” Haniiti jina langu. Tangu Sadrack azaliwe mimi ni Mama Sadrack.

“Rudisha, ulete ile kubwa. Ulimwapia mutoto hautauzisha!”

“Nilimuuliza leo asubuhi. Alikubali. Alisema anataka yenye atapanda leo.”

“Docteur alisema nini?”

Alitazama mikono yake. Kucha zina grisi ambayo haitoki.

“Alisema mapafu yameharibika, na moyo umechoka juu ya kusukuma. Alisema dawa yenye inaweza kumusaidia haiko huku, na hata kule iko, amechelewa. Alisema mvua hii ataimaliza. Ya mwaka wa kuya, hapana.”

“Na ulinyamaza. Siku zote hizi ulinyamaza!”

“Nilitaka ukuwe na furaha siku mbili tatu. Ulikuwa unasema Amina.”

Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Alisimama tu akapigwa. Nilimwambia kwamba madaktari si Mungu, kwamba yeye aliishi ndani ya nguo kubwa, kwamba nitajaza karatasi kila kiatu Butembo nzima, ila ile kubwa irudi barazani, ikae pale hata kama hakuna anayeipanda. Mimi, niliyesoma. Jéthro akanishika mikono na kusema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

“Mi mwenyewe sikutoshwa na kitu hata siku moya, mpaka nikakomea. Kila kitu ilikuwa ya kesho. Sadrack hana kesho mingi. Wacha apate ya leo.”

Kisha akalia. Sijawahi kumwona. Analia bila sauti, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Tulisimama pale kwenye moshi tukishikana, na kama kuna aliyetutazama juu ya matofali, alitazama.

Uani injini ikanguruma. Tukatoka mbio. Sadrack alikuwa amejipandisha mwenyewe. Alikuwa amekaa wima, nyayo zote mbili zimekanyaga, mguu mzuri na mguu mbaya sawasawa. Jéthro akawahi kamba. Wakazunguka kisima, wakaifikia migomba pale penye mteremko, na nikaona vidole vyake vinafunga breki, taratibu, na kwadi ikatii. Akasimama, akaachia, akasimama tena. Alikuwa hachoki. Kwa mara ya kwanza msimu huu wote mwanangu alikuwa anakwenda mahali na hachoki.

“Mama! Kuya uone! Inanitosha!”

Koko Hulda alikuwa amejitokeza mlangoni. Aliposikia neno lile alishika mwimo wa mlango. Akanitazama, na macho yake yaliniomba nisiitikie.

Mtoto alikuwa anangoja, uso umewaka.

“Ndiyo, Baba,” nikasema. “Inakutosha kabisa.” Nikapiga makofi, na Bénite naye akapiga, kwa sababu aliniona.

Ijumaa, 5 Desemba

Jua. Hajaumwa. Amepanda asubuhi na jioni.

Jumamosi, 6 Desemba

Jua. Maumivu kidogo ya kifua. Amepanda jioni.

Jumapili, 7 Desemba

Jua. Aliomba kwenda kanisani na kwadi yake. Ni karibu, lakini ni barabara, na siku nyingine ningekataa. Jéthro alishika kamba, mimi nilimbeba Bénite, Koko Hulda akaja nyuma na Biblia. Nilimvalisha shati nililonunua jana, la kipimo chake. Lilimkaa vizuri mabegani. Waendesha pikipiki waliokuwa kwenye kona walizima injini zao alipopita, na mmoja akampigia saluti. Watoto wa shule yake walitembea pembeni yake, hawakumwacha nyuma, na yeye aliwaeleza habari za breki. Barabara ilikuwa imekauka. Jéthro alinigeukia mara moja akaniuliza kama aongeze mwendo, maana kengele ilikuwa imekwisha kulia.

Nilimwambia hapana, twende vilevile. Sikutaka tufike.